Kompyuta Iliyozidi Uzito

SURA YA SITA

Kesho saa mbili asubuhi Milembe angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuchoma nyumba ya mjomba wake. Jalada lilikuwa limeshafungwa, limelazwa juu ya meza ya Inspekta Nathanael pembeni ya chupa yake ya chai, na kituo kizima kilishaihesabu kesi hiyo kuwa imekwisha. Kituo kizima, ukimtoa Sajenti Mektilda wa upelelezi. Huyu mama alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: jambo lisipomkaa sawa kichwani, hatulii, na wala hamwachi mtu mwingine atulie.

Na hili halikumkaa sawa hata kidogo.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Boniventura, mpima pamba anayejulikana Bariadi nzima, alitaka kompyuta ya kasi ya kukaa nayo nyumbani, ya kuhariria kanda za mashindano ya ngoma anazorekodi kila mwaka baada ya mavuno. Ile yake ya zamani ikipewa wimbo mmoja asubuhi, inaumaliza watu wameshakula ugali wa mchana. Basi mpwa wake Milembe, binti wa miaka ishirini na minne aliyesomea ufundi Mwanza, akamchagulia vipuri kimoja kimoja, akavileta kwa treni mpaka Malampaka, akaviunga, akamkabidhi. Siku ya tisa, saa kumi jioni, mashine ikashika moto. Chumba kiliteketea pamoja na kanda za miaka mitano. Mke wa mzee, mama Debora, aliingia kuokoa kanda akatoka na mikono yote miwili imeungua, na sasa alikuwa amelazwa hospitali. Majirani watatu walikuwa tayari kuapa kwamba siku ya makabidhiano walimsikia Milembe kwa masikio yao akimwambia mjomba wake, "Ukiigusa hiyo utaunguza nyumba."

Ushahidi mtamu huo, alisema Inspekta Nathanael. Mektilda aliona ni mtamu mno.

Saa tatu asubuhi akamtoa Milembe mahabusu, akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano, akaweka mezani karatasi ya daftari yenye orodha ya vipuri kwa mwandiko wa binti mwenyewe. Chini ya meza kulikuwa na gunia. Milembe aliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari ya asubuhi, mama, bila kuinua macho, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia mpaka machozi yakamwishia.

"Mimi kompyuta siijui," Mektilda akamwambia. "Nichukulie kama mteja. Nataka ya kasi. Tunaanzia wapi?"

Milembe alimtazama kama anayetegwa. Halafu ufundi ukamshinda. Alianza polepole, akasema hauanzi na mashine, unaanza na kazi. Ya mjomba ni picha za video, na video inakula kila kitu. Mjomba alitaka prosesa yenye namba kubwa kuliko zote dukani, ya kujivunia kwa watu. Yeye akakataa, akachukua ya megahezi mia nane, akaongeza ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, mara mbili. Prosesa ya kasi yenye ramu kidogo, alieleza, inakaa bure inasubiri kuletewa kazi, namba yake kubwa haimsaidii mtu. Hadi diski, ile ya kuhifadhia kazi, akachagua inayozunguka mara elfu saba na mia mbili kwa dakika, maana kuhariri ni kusoma na kuandika kutwa. Kisha mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote, nao akauchagua kwa kuangalia wenzake: wakubaliane, asije mmoja akawarudisha wengine nyuma. Feni mbili, ili vumbi la Julai likiziba moja nyingine ipoze.

Kadiri alivyosema ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Mikono ilikuwa inapanga vitu hewani. Mektilda naye alijikuta amesogeza kiti, kalamu inakimbia, moyo unadunda kwa furaha ambayo hakuitarajia mahali kama pale. Kila kipuri kilikuwa na sababu yake! Mtu anayepanga hivi, alijiambia, ndiye aje achome?

"Na hii ya mwisho, pawasaplai?"

"Hiyo ndiyo niliyohangaika nayo kuliko zote," Milembe alisema. "Watu hawaijali kwa sababu haiongezi kasi. Lakini ndiyo inayowalisha wote umeme. Ikidanganya, wote wanakufa. Niliijaribu siku mbili nzima kwangu, mashine imewaka mfululizo, haikupata joto la kutisha. Halafu nikapaka rangi ya kucha nyekundu juu ya skrubu zake nne, ili mtu akiifungua nijue."

"Na yale maneno ya kuunguza nyumba?"

"Mjomba alitaka kuifungua awaonyeshe wageni, imechomekwa umeme. Nilimkataza kwa ukali, ni kweli. Nilikosa adabu." Akainua macho. "Lakini nilikuwa namwonya, mayu. Sikuwa namtishia."

Mektilda akainama, akatoa ndani ya gunia boksi la chuma lililoungua likawa jeusi tii. Ni pawasaplai iliyotolewa kwenye majivu. Akamsukumia.

Milembe aliipokea kwa mikono miwili, na mikono ikashuka nayo. Akaiinua tena. Akaitikisa, ndani kikagonga kitu. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Hii siyo yangu."

"Imeungua, binti. Umeijuaje?"

"Yangu niliibeba kwenye begi la nguo kutoka Mwanza, nimeipakata kwenye treni, nimeipakata kwenye gari mpaka hapa. Najua inavyokaa mkononi. Hii nzito. Na hakuna kitu kinachotakiwa kugonga humo ndani."

Mektilda hakuuliza tena. Alichungulia mlangoni, akaomba bisibisi kwa dereva wa kituo, akarudi mbio kama msichana. Skrubu tatu zilitoka kwa tabu, ya nne haikuwepo tangu mwanzo. Kifuniko kilipoachia, wote wawili wakainamia mpaka vichwa vikagongana.

Katikati ya nyaya zilizoyeyuka kulikuwa na jiwe la mizani la nusu kilo. La chuma, la duara, lenye kishikio chake juu, lile lile ambalo kila mwenye duka anapimia sukari.

Mektilda aliligeuza kwa ncha ya kalamu. Chini yake kulikuwa na mabaki ya gundi ya fundi viatu, nyeusi, imenyauka. Na pale gundi ilipoukinga moto, rangi ya kijani ilikuwa ingali imeng'ang'ania.

"Lilibandikwa kwenye ukuta wa boksi," Milembe alinong'ona, akionyesha alama ya duara kwenye bati. "Mashine ikifanya kazi ya video humo ndani mnachemka. Gundi imelainika, jiwe limedondoka juu ya nyaya zenye umeme." Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Kwa nini mtu abandike jiwe humu?"

"Ili iwe nzito," alisema Mektilda. Alikuwa ameshasimama. Baba yake alilima pamba Lalago maisha yake yote, na hakuna mtoto wa mkulima wa pamba asiyejua kwa nini mtu huficha jiwe ndani ya mzigo.

Inspekta Nathanael alisikiliza akiwa ameshika kikombe, akasema basi ni wale wa dukani Mwanza, waandikiwe barua. Mektilda naye alikuwa amewafikiria hao wa kwanza, kwa nusu dakika. Duka la kompyuta lina haja gani na mizani ya sukari? Na mawe ya mizani hupakwa rangi na wenye maduka ya sokoni, kila mmoja na yake, ili jirani akiazima asirudishe jingine. Jiwe hili lilikuwa la hapa hapa mjini. Inspekta alikuna kidevu. Akasema atakachokitaka mezani ni mlalamikaji mwenyewe, Mzee Boniventura, akanushe lalamiko lake kwa maandishi kabla ya jua kuzama. Jiwe peke yake halimtoi mtu mahabusu, na kesho ni kesho.

Mektilda alivua kofia ya kazi, akajifunga kitenge juu ya sketi, akatia jiwe mfukoni na boksi jeusi kwenye kikapu, akaenda sokoni kununua sukari.

Nusu kilo duka la kwanza: jiwe la bluu. Nusu kilo la pili: jiwe jeupe. La tatu lilikuwa halina rangi kabisa, na mwenye duka alimtania kwamba leo nyumbani kuna harusi. Alipofika duka la nne mfuko wake ulikuwa na kilo moja na nusu ya sukari na moyo ulikuwa juu juu, maana mawe yaliyopangwa kando ya mizani, la kilo mbili, la kilo na la robo, yote yalikuwa ya kijani.

Duka lilikuwa la Joakim. Soko huria lilipofunguliwa, Joakim alifunguka nalo: mbele anauza sukari na sabuni, nyuma redio, vipuri na chochote kilichofika kutoka popote. Mtu mcheshi, mwenye neno la kumfaa kila mteja.

"Nipimie nusu kilo."

"Chukua kilo, mama, sukari yenyewe inakwisha."

"Nataka nusu."

"Basi mbili za robo," akasema Joakim, akaanza kuchota.

Mektilda akamwacha apime robo ya kwanza, akamwacha apime robo ya pili. Halafu akatoa mfukoni lile jiwe jeusi akaliweka juu ya kaunta, kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya la kilo na la robo. Lilitoshea pale kama limerudi nyumbani.

Joakim alilitazama. Akaharakisha kusema kwamba mawe huibwa, kwamba soko lina wezi wengi siku hizi, kwamba rangi ya kijani iko kila mahali. Mektilda hakumbishia. Alimwomba tu amwonyeshe pawasaplai alizonazo huko nyuma, na Joakim akaanza kutokwa jasho asubuhi ya baridi. Zilikuwa nne rafuni. Tatu zilikuwa kuukuu. Ya nne ilikuwa inang'aa, na juu ya skrubu zake zote nne kulikuwa na rangi ya kucha nyekundu, haijaguswa.

Mektilda alitaka kupiga vigelegele. Alijizuia, lakini kwa shida kweli.

Baada ya hapo maneno yalimtoka Joakim yenyewe. Mzee Boniventura alikuja na pawasaplai mpya mkononi siku moja baada ya kukabidhiwa mashine, amefungua kasha la kompyuta mwenyewe, ana mashaka. Ilikuwa nyepesi. Mafundi wote husema nzito ndiyo bora, ina shaba ya kutosha ndani, na hilo lina ukweli wake. Joakim akamwambia wamekupiga, mzee, rudi mchana nitakutafutia ya maana. Lakini ya maana hakuwa nayo. Alikuwa na boksi kuukuu, nayo nyepesi zaidi. Mzee angerudi, angeipima kwa kiganja kama anavyopima kila kitu, angeikataa. Jiwe lilikuwa karibu na mkono.

"Nilijua ataipima tu," alisema Joakim, ameinamisha kichwa. "Hakuifungua. Aliishika, akacheka, akasema hii ndiyo."

Kwa hiyo Boniventura alijua. Mektilda alimkabidhi Joakim kwa askari wa doria wa sokoni ampeleke kituoni, yeye akabaki amesimama juani na pawasaplai mbili, moja nyeusi, moja mpya. Furaha yake ilikuwa imepata doa. Mzee alijua ameibadilisha, akaacha mtoto wa dada yake alale sakafuni mahabusu siku tatu. Kwa nini?

Jibu alilipata kabla hajafika kwenye kituo cha kununulia pamba, kwa kuona tu ile foleni. Miaka ile kila kampuni binafsi ilikuwa na mzani wake, na wakulima waliogopa mizani yote. Lakini kwenye wa Boniventura walipanga foleni toka alfajiri. Miaka thelathini, tangu enzi za ushirika, mzee huyu alikuwa akipitisha kiganja chini ya gunia kabla halijatundikwa, na kiganja kikisema kuna mchanga au jiwe, gunia linamwagwa chini mbele ya watu. Hakuwahi kukosea, ndivyo ilivyosemwa. Kampuni zilimgombania kwa ajili ya mkono ule. Na mkono ule ule ulikuwa umedanganywa na nusu kilo ya mwenye duka.

Mektilda aliamkia, akamwomba pembeni, nyuma ya rundo la pamba. Hakutaka kumvunjia heshima mbele za watu. Akamwekea boksi jeusi kwenye kiganja, akiwa amekwisha lirudisha jiwe ndani yake.

"Baba, nisaidie kupima. Hii ikoje?"

Boniventura aliiinua, akaishusha. Kwa mazoea tu, kiganja kilifanya kazi yake. Mektilda aliyaona macho ya mzee yakielewa, yakijaribu kutoelewa, yakishindwa.

"Joakim yuko kituoni," alimwambia kwa upole. "Ya Milembe ninayo hapa. Sijaja kukuuliza kilichotokea. Nimekuja kukuuliza utasema au husemi. Mpaka jua kuzama binti anaweza kutoka. Baada ya hapo yuko mikononi mwa hakimu."

Mzee alikaa juu ya pamba. Alisema mwanzoni aliamini kabisa kwamba Milembe alikosea kuunga. Aliamini siku nzima. Usiku wa kwanza mama Debora alilia kwa maumivu, yeye akaanza kukumbuka, na kila alipokumbuka alijikanya. Wangesemaje watu? Mpima pamba gani huyo?

"Nimemwonea," alisema. "Nimemwonea mtoto wa dada yangu kwa kuogopa kuchekwa."

Akaandika maelezo kwa mkono wake, amekalia gunia, akatia sahihi. Mektilda alishukuru, akaona kazi imekwisha, akageuka kuondoka. Hakutegemea kilichofuata. Boniventura alitoka nyuma ya rundo, akasimama chini ya mzani, akainua lile boksi jeusi juu na kuwaambia watu wote. Aliwaambia kwa Kisukuma, polepole, bila kujitetea: kwamba alikataa kitu kizuri kwa kuwa ni chepesi, akachukua kibovu kwa kuwa kimefichwa jiwe, kwamba nyumba imeungua kwa mkono wake, na Milembe hana kosa.

Kisha mwanamke wa mbele kabisa, Nyanjige wa Ipililo, ambaye mwaka juzi pamba yake ilimwagwa chini mbele ya watu wakatafuta mchanga usionekane, akaliondoa gunia lake kwenye ndoano.

"Basi mimi leo sipimiwi na wewe peke yako," alisema. "Asome mwingine."

Nyuma yake wakaitika. Mzee aliuliza asome nani, na sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"Huyo uliyemfungisha. Tutamsubiri."

Mektilda hakukumbuka alivyofika kituoni. Alikumbuka baadaye kwamba alipita kwa Inspekta bila kubisha hodi, akalaza mezani karatasi, jiwe na pawasaplai mbili kwa mpigo, na kwamba Inspekta alisoma mara mbili kisha akatafuta funguo mwenyewe. Jua lilikuwa bado juu. Milembe alitoka amejaa vumbi, akauliza kwanza mikono ya mama Debora inaendeleaje. Akaambiwa inapona. Hapo ndipo alipolia tena, na Mektilda akalia naye bila aibu yoyote, pale pale kaunta, mbele ya askari wawili na mahabusu mmoja wa kesi ya mbuzi.

Walipofika penye pamba hakuna aliyekuwa ameondoka. Watu wakampisha binti njia. Boniventura alisogea kando ya mzani, akamwachia nafasi iliyokuwa yake kwa miaka thelathini, akachukua daftari na kalamu.

"Kwanza toa kila kitu kwenye ndoano, mjomba," alisema Milembe. "Tuone sindano inakaa sifuri."

Alitoa. Milembe alikifuta kioo kwa upindo wa kanga, akaisubiri sindano itulie, akatikisa kichwa kukubali. Nyanjige akatundika gunia lake.

"Hamsini na nane na nusu," Milembe akasoma, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni, na mjomba wake akaandika kama alivyoambiwa.